Bertha Benz: Mwanadada aliyeivalisha breki ngozi ya kiatu

Kama umewahi kujaribu kubadilisha pedi za breki za nyuma mwenyewe, pale nyumbani, unajua ile hali ya kukwama katikati ya kazi. Gari liko juu, gurudumu limelala kando, kalipa imefungwa kwa waya isining'inie, mikono ni nyeusi tii, na kile kifaa kimoja unachohitaji hakimo kwenye boksi.

Mimi ilinipata mwaka jana kwenye pakingi ya ploti yetu, nikishughulikia gari la mjomba. Nilikuwa na jeki, stendi mbili, wili spana, spana namba 14, brashi ya waya, grisi kidogo na klempu ya kusukuma pistoni irudi ndani. Za mbele zilikuwa zimeingia bila noma, kwa hivyo nilishajiona fundi kamili. Kufika nyuma, pistoni ikakataa katakata. Nikakaza klempu mpaka nikaogopa kuvunja kitu. Kumbe kwenye magari mengi pistoni za nyuma hazisukumwi tu hivi hivi. Hendibreki imeunganishwa humo humo ndani, na pistoni imekaa juu ya skrubu, kwa hivyo lazima uizungushe huku ukiisukuma. Kuna kifaa chake maalum cha kuzungushia. Sikuwa nacho, na ilikuwa Jumapili jioni.

Fundi mmoja mzee anayekaa nyumba ya nyuma alikuja akaangalia, akacheka kwanza, kisha akaenda akarudi na koleo la mdomo mrefu. Akaingiza ncha mbili za koleo kwenye vile vishimo vilivyo usoni mwa pistoni, akaizungusha polepole kama mtu anayefungua kifuniko cha mtungi. Ikaingia. Hakutaka hata soda.

Usiku ule nikaketi na simu kusoma ni nani alianza hii biashara ya kuweka pedi kwenye breki ya gari. Nilitarajia kukutana na injinia fulani mwenye ndevu na digrii tatu. Nikakutana na mama wa watoto wanne, asiye na cheti chochote cha uhandisi, aliyetoroka nyumbani alfajiri na gari la mumewe. Jina lake Bertha Benz. Ndiyo, Benz ile ile unayoijua.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 mjini Pforzheim, kusini magharibi mwa Ujerumani, mji uliojulikana kwa kazi za dhahabu na vito. Jina lake la nyumbani lilikuwa Ringer. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa, mtu wa pesa zake, na nyumbani kulikuwa na watoto tisa. Inasimuliwa kwamba siku Bertha alipozaliwa, iliandikwa kwenye Biblia ya familia kwamba kwa bahati mbaya ni msichana tena. Alikuja kuyaona maandishi hayo akiwa bado mdogo. Sasa fikiria wewe ni mtoto, unafungua Biblia ya nyumbani, unakuta siku yako ya kuzaliwa imeandikwa kama msiba mdogo.

Shule alienda, na masomo ya sayansi aliyapenda. Lakini chuo kikuu? Sahau. Eneo la Baden alikoishi lilikuja kuwafungulia wanawake milango ya vyuo vikuu mwaka wa 1900, wakati yeye alikuwa tayari na miaka hamsini na watoto watu wazima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kuna siku hujiona kama niliyeachwa na basi. Bertha hakuruhusiwa hata kufika steji.

Mwezi Juni 1869, akiwa na miaka ishirini, alienda matembezi ya kikundi hadi kwenye nyumba ya watawa ya kale ya Maulbronn. Huko ndiko alikokutana na Carl Benz. Jamaa alikuwa injinia kijana, mwana wa dereva wa treni aliyefariki Carl akiwa na miaka miwili tu, na mfukoni hakuwa na kitu. Alichokuwa nacho ni ndoto ya chombo kitakachotembea bila farasi, na alikuwa tayari kuisimulia kwa yeyote aliyekaa karibu naye. Wasichana wengine pengine wangepiga miayo. Bertha akauliza maswali.

Wakachumbiana. Mwaka wa 1871 Carl akaanzisha karakana ndogo mjini Mannheim pamoja na mshirika aliyeitwa August Ritter. Mambo yakaharibika upesi. Ritter hakuwa mtu wa kutegemewa, na vifaa vya karakana vikazuiliwa kwa sababu ya madeni. Hebu elewa uzito wa hilo. Fundi bila spana zake ni mtu tu aliyevaa ovaroli.

Hapa ndipo Bertha anaingia kwenye historia ya magari, miaka kumi na saba kabla ya ile safari inayomfanya atajwe leo. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume kwenda kwa wazazi wa msichana. Kwao wakati ule ilikuwa kinyume: baba mwenye uwezo alimwekea binti yake pesa za kwenda nazo kwenye ndoa. Bertha aliomba apewe pesa zake mapema, kabla ya harusi, akazitumia kumlipa Ritter aondoke kwenye kampuni. Vifaa vikarudi. Kazi ikaendelea.

Yaani mchumba wako anauza usalama wake wote wa baadaye kununua nyundo na vyuma vyako, na bado hamjaoana. Kuna watu hapa Nairobi wamekataa kumkopesha mpenzi wao nauli.

Walioana tarehe 20 Julai 1872, na hapo kukawa na jambo ambalo mimi lilinikera kuliko yote. Alipokuwa hajaolewa, Bertha aliweza kuwekeza pesa zake kwa jina lake. Alipoolewa tu, sheria ikampa mume mamlaka juu ya mali ya mke. Kwa hivyo yule mwekezaji wa kwanza wa kampuni hii, aliyeinusuru siku ilipokuwa inazama, akafutika kwenye makaratasi siku ya harusi yake. Hakuna aliyemwibia, sheria ilikuwa hivyo tu. Na hataza ya gari ilipokuja kutolewa, jina lililoandikwa lilikuwa moja, la Carl.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa waziwazi. Watoto wakaja, Eugen mwaka wa 1873, Richard mwaka uliofuata, kisha Clara mwaka wa 1877 na Thilde mwaka wa 1882. Biashara ya Carl ilianguka, ikainuka, ikaanguka tena. Mkesha wa mwaka mpya wa 1879, baada ya chakula cha jioni, Bertha alimshawishi mumewe warudi karakana wakaijaribu tena injini ambayo ilikuwa imewasumbua kwa muda mrefu. Wakaenda wawili. Carl akaiwasha, na mara hii ikanguruma na ikaendelea kunguruma. Walisimama pale wakiisikiliza, nje kengele za mwaka mpya zikaanza kulia.

Mwaka wa 1883 walipata washirika wawili waliokuwa na duka la baiskeli, Max Rose na Friedrich Wilhelm Esslinger, na kampuni ya Benz & Cie ikazaliwa. Ndiyo maana gari la kwanza linafanana na baiskeli kubwa: magurudumu matatu yenye spoki nyembamba, minyororo, na kiti kimoja kipana juu. Carl aliomba hataza tarehe 29 Januari 1886, nambari 37435, na watu wengi huihesabu hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa gari. Injini ilikuwa na silinda moja, na nguvu zake hazikufika hata farasi mmoja. Pikipiki ya bodaboda ingeliacha ikiwa imebeba abiria wawili na gunia la viazi.

Shida ni kwamba hakuna aliyelinunua. Watu wa Mannheim walilitazama likipita, wengine wakacheka, wengine wakaogopa. Farasi hahitaji kuwashwa, walijiambia. Na Carl alikuwa fundi hasa, wa kusugua na kurekebisha, wa kusema bado kidogo. Kujitangaza hakujua. Kila siku alipata kasoro nyingine ya kushughulikia, na gari likabaki kuzunguka mitaa ya karibu. Pesa zikawa zinaisha tena, zikiwemo zile za Bertha.

Basi mapema mwezi Agosti 1888, shule zikiwa zimefungwa, Bertha aliamka kabla ya jua. Alikuwa na miaka 39. Akawachukua Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakalisukuma gari kimyakimya mbali na nyumba ili injini isimwamshe baba yao, wakaliwasha kwa kuzungusha gurudumu zito la nyuma kwa mikono, wakaondoka. Ruhusa ya mume hakuomba. Ya serikali pia hakuomba. Walikuwa wanaenda Pforzheim kumwona nyanya yao, kilomita 106. Kutoka Nairobi hadi Naivasha na bado unaendelea kidogo. Mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuendesha gari umbali wa aina hiyo.

Gari walilochukua lilikuwa toleo la tatu, lenye nguvu zaidi kidogo na mwendo wa kama kilomita 16 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia kwa bidii. Barabara zilikuwa za mikokoteni, vumbi na mashimo. Hakukuwa na alama za barabarani kwa ajili yao wala gereji popote. Wala petroli.

Mafuta ndiyo yaliyowapa shida ya kwanza. Gari halikuwa na tangi; kabureta ilibeba kama lita nne na nusu tu. Injini ilitumia ligroini, kioevu kinachotokana na mafuta ya petroli ambacho watu walikitumia kutoa madoa kwenye nguo, na kiliuzwa kwenye maduka ya dawa. Walipofika mji wa Wiesloch, kusini mwa Heidelberg, Bertha akaingia kwa mwuza dawa akanunua ligroini yote aliyoweza kuipata. Mwuza dawa bila shaka alijiuliza ni nguo gani hiyo yenye madoa kiasi hicho. Duka lile sasa linasifiwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani.

Maji nayo. Injini ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani kama mvuke, kwa hivyo walisimama kila mara kuchota kwenye visima na mikahawa, na pasipokuwa na kisima, kwenye mitaro.

Kisha vitu vikaanza kuharibika, na ndipo nilipokaa vizuri kusoma, kwa sababu hapa ndipo unamwona fundi. Bomba la mafuta likaziba. Bertha akavuta pini ndefu ya kofia yake, akalizibua. Waya wa umeme wa kuwashia injini ukachubuka na kuanza kupiga shoti. Akafungua mkanda wa kushikilia soksi yake, akauzungushia waya ule kama sisi tunavyozungusha tepu nyeusi. Mnyororo ukalegea, na huo pini na mkanda haviwezi, basi wakatafuta mhunzi huko Bruchsal akautengeneza.

Watu wakisimulia kisa hiki hupenda sana ile pini na ule mkanda wa soksi, kwa sababu ni vitu vya kike na vinachekesha. Nafikiri wanakosa jambo. Kuwa na pini si ajabu, kila mwanamke wa wakati ule aliyevaa kofia alikuwa nayo. La ajabu ni kusimama kando ya barabara mahali usipojua mtu, injini imezima, na ukajua kwamba tatizo liko kwenye bomba la mafuta na si kwenye moto wa umeme. Na baadaye, injini ikizima tena, ukajua kwamba sasa ni umeme. Hilo hulipati kwa kukaa kwenye kiti cha abiria. Lile gari alikuwa analijua ndani nje, kwa sababu kwa miaka kumi na sita ya ndoa lilikuwa likijengwa mbele ya macho yake na kwa pesa zake.

Milima ikaja. Gari lilikuwa halina gia ya kupandia mlima wa kweli. Kwenye miinuko kuelekea Pforzheim ilibidi washuke wasukume.

Lakini mtu yeyote aliyewahi kuteremka Mai Mahiu nyuma ya lori atakwambia kwamba kupanda si tatizo kubwa. Kuteremka ndiko kunakoua.

Breki za gari la Bertha zilikuwa vipande vya mbao. Ukivuta leva kwa mkono, mbao zinabana magurudumu ya nyuma, na msuguano unapunguza mwendo. Kwa kuzunguka mitaani Mannheim, ambako ni tambarare, zilitosha. Kwenye mteremko mrefu mbao zinapata joto, zinalainika na kuungua juu juu, zinang'aa, na zikishang'aa zinateleza. Pia zinalika. Kila kona unavuta leva zaidi na unapata breki kidogo zaidi. Na hapo uko na watoto wako wawili juu ya chuma chenye magurudumu matatu kisicho na mkanda wala paa.

Katika kijiji cha Bauschlott, karibu na mwisho wa safari, Bertha alimtafuta fundi wa viatu. Akamwomba apigilie ngozi juu ya zile mbao za breki.

Basi. Ndiyo hiyo pedi ya kwanza ya breki ya gari. Vifaa vilivyotumika ni vile vya mshona viatu yeyote: nyundo, misumari midogo, kisu na kipande cha ngozi. Fundi yule hakuhitaji kujua chochote kuhusu injini. Alichojua ni ngozi, kwamba inashika kuliko mbao na kwamba soli ikiisha unaweka nyingine.

Na hapo ndipo nilipoiweka simu chini kidogo nikawaza, kwa sababu pedi nilizokuwa nimezishika mchana ule zilikuwa zimejengwa kwa wazo lile lile. Chukua pedi mpya uiangalie. Nyuma kuna bamba gumu la chuma ambalo kazi yake ni kubeba nguvu, kama zile mbao. Mbele kuna kitu kingine laini zaidi, kilichobandikwa juu yake, ambacho kazi yake ni kushika diski na kulika. Kimewekwa pale kife badala ya sehemu ya gharama. Kikiisha, unakitupa na kuweka kingine, na gari linabaki. Kabla ya ngozi ya Bauschlott, breki ya gari ilikuwa kipande kimoja kinachojila chenyewe.

Sitaki kutia chumvi. Watu wa mikokoteni walikuwa wamezipiga magurudumu breki za kila aina kabla ya hapo, na baadaye, mwaka wa 1897, Mwingereza Herbert Frood ndiye aliyeanzisha Ferodo na kuifanya kazi ya pedi iwe biashara nzima. Jina Ferodo ni herufi za jina lake zilizovurugwa, na ile E ya ziada ni ya mkewe Elizabeth. Ukienda Kirinyaga Road leo bado utauziwa pedi zenye jina hilo. Lakini kwenye gari lenye injini, barabarani, kwa sababu ya hitaji halisi, ngozi ya Bertha ndiyo ya kwanza kutajwa.

Walifika Pforzheim jioni, wachafu na wamechoka, na Bertha akampelekea Carl simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye wakarudi Mannheim, na safari yote, kwenda na kurudi, ikawa kama kilomita 194.

Kila kijiji walichopita kilikuwa na hadithi ya kusimulia wiki nzima: mwanamke, watoto wawili, gari lisilo na farasi. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingefanya kazi ile. Na mwezi uliofuata, Carl alipolipeleka gari kwenye maonyesho ya Munich, alishinda medali ya dhahabu. Lakini ninachokipenda zaidi ni kwamba Bertha hakurudi na sifa tu. Alirudi na orodha ya marekebisho. Gari linahitaji gia ya ziada ya kupandia milima. Breki zinahitaji kuvalishwa. Carl akavifanyia kazi. Leo kampuni hulipa watu mshahara mnono kwa kazi hiyo ya kulijaribu gari barabarani na kuandika ripoti.

Biashara ikafunguka. Mfaransa Émile Roger akawa anauza magari hayo Paris, na kufikia mwaka wa 1899 Benz & Cie ilitengeneza magari 572 kwa mwaka mmoja, hakuna kiwanda duniani kilichokuwa kikiwapita. Mtoto wa tano, Ellen, alikuwa amezaliwa mwaka wa 1890. Baadaye Carl alikosana na wenzake akajiondoa kwenye uendeshaji wa kampuni, na mwaka wa 1906 familia ikaanzisha kampuni nyingine ndogo huko Ladenburg, mji mdogo jirani, kwa jina la Carl na wana wake. Soma tena jina hilo: Benz na wana. Hata hapo mama hayumo.

Carl mwenyewe hakumsahau. Mwaka wa 1925 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na humo anakiri kwamba wakati meli yao ilipokuwa inazama na wengine wote wameruka, ni mtu mmoja tu aliyebaki naye ndani, mkewe. Mwaka uliofuata kampuni ya Benz iliungana na ya Daimler ikawa Daimler-Benz. Carl alifariki tarehe 4 Aprili 1929.

Bertha akaishi miaka kumi na mitano zaidi, pale pale Ladenburg, akiona magari yakijaa barabara ambazo yeye alizipita peke yake. Tarehe 3 Mei 1944, Ujerumani ikiwa katikati ya vita, alitimiza miaka 95. Siku hiyo chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kile kile alichosomea mumewe na kilichokuwa kimempa Carl udaktari wa heshima mwaka wa 1914, kilimtunuku Bertha cheo cha seneta wa heshima. Mume alipewa yake akiwa na miaka 70. Mke akasubiri miaka thelathini zaidi. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei, akafariki.

Ile njia aliyopita sasa ina vibao vyenye jina lake. Imetambuliwa rasmi tangu mwaka wa 2008, na unaweza kuiendesha yote, kwenda na kurudi, ukipitia Wiesloch, Bruchsal na Bauschlott. Mwaka wa 2016 Wamarekani nao wakamweka kwenye jumba lao la heshima la watu wa magari, ambamo Carl alikuwa ametangulia miaka mingi.

Sasa, nikurudishe kwenye pakingi, kwa sababu najua kuna mtu amesoma mpaka hapa akitaka kujua abebe nini. Egesha palipo tambarare. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, shusha hendibreki, legeza nati za gurudumu kabla hujainua. Ukishainua kwa jeki, weka stendi, na usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kama ni dakika moja tu. Utahitaji wili spana, spana au soketi za kufungua kalipa, waya wa kuifunga isivute bomba la breki, brashi ya waya, grisi ya breki kidogo kwa zile sehemu za kuteleza, na kitambaa safi, kwa sababu grisi au mafuta yakigusa diski au uso wa pedi umeharibu kazi. Fungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki na uangalie yasifurike pistoni inaporudi. Na kifaa cha kuzungusha pistoni ya nyuma. Ulizia kabla hujaanza kama gari lako linakihitaji. Mengine yana injini ya hendibreki ya umeme, na hayo yana utaratibu wake tofauti, usiyaguse kwa kukisia. Ukimaliza, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, gari likiwa bado limesimama. Wengi hulisahau hilo, wanatoka na gari na kukuta mguu unazama mpaka chini.

Na kama hujui unachokiona ukifungua gurudumu, mwite mtu anayejua asimame karibu nawe. Breki si mahali pa kujifunzia peke yako. Bertha mwenyewe alimlipa mhunzi na fundi viatu.

Kile kifaa nilikinunua hatimaye Kirinyaga Road. Kiko kwenye boksi, pembeni ya koleo la mdomo mrefu la mzee wa nyumba ya nyuma, ambalo bado sijamrudishia.